Stadi Moja Imekatika: Je, Zilizobaki Zinatosha?

Swali hili huja kwa njia nyingi. Mwenye RAV4 anabadilisha tairi lililotoboka, na nati inatoka ikiwa na kipande cha chuma ndani yake. Dereva wa Hilux anaamka asubuhi, anahesabu nati tano mahali penye sita. Mwingine anakaza, kisha spana inalegea ghafla mkononi kabla nati haijafika mwisho. Wote huishia kuuliza jambo moja: stadi moja imekwenda, kwa nini nisitembee na zilizobaki?

Luhwindja swali hili ni zito kuliko mahali pengi. Uchifu huo wa wilaya ya Mwenga, Kivu ya Kusini, uko milimani, penye dhahabu ya Twangiza, yapata kilomita 40 tu kutoka Bukavu ukipima kwa rula kwenye ramani. Lakini barabara haifuati rula. Inapanda, inashuka, inazunguka mabonde, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua huigeuza sehemu kubwa yake kuwa tope. Duka la vipuri liko Bukavu, na fundi wa kulehemu yuko jirani. Anayeharibikiwa na gari mlimani hushawishika kirahisi kuchukua dawa iliyo karibu.

Ninashikilia kwamba zilizobaki hazitoshi, na sababu yake ni tofauti na ile ambayo wengi hudhani. Kwa nguvu peke yake, stadi nne nzima zingeweza kulibeba gurudumu. Lakini stadi haikatiki bila chanzo, na chanzo hicho karibu kila mara kimezigusa jirani zake pia. Anayebadilisha stadi iliyokatika bila kutafuta kilichoikata amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari.

Kinacholishika gurudumu

Tuanze na majina. Habu ni kitovu cha chuma kinachozunguka na gurudumu. Stadi ni kijiti kinene cha chuma kilichopigwa ndani ya habu kutoka nyuma, kikachomoza mbele. Mafundi wa Bukavu waliojifunza kazi kwa Kifaransa watakuelewa haraka zaidi ukisema buloni. Kijiti hicho kimechongwa mifereji inayojiviringa, ambayo tutaiita nyuzi. Rimu, yaani duara la chuma linalobeba tairi, ina matundu yanayopita kwenye stadi hizo, kisha nati huja juu na kuibana rimu dhidi ya habu.

Neno la kushika hapo ni kubana. Wengi hufikiri gurudumu linaning'inia kwenye stadi, kwamba uzito wa gari unakaa juu ya vijiti vile vitano au sita. Sivyo. Mtazame dereva wa pikipiki anayefunga gunia la makaa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Gunia haliteremki kwa sababu mpira umevutwa ukawa unalikandamiza kwenye kiti. Mpira huohuo, kwa unene uleule, ukifungwa bila kuvutwa, gunia litakuwa chini kwenye kona ya kwanza. Stadi hufanya kazi kwa namna hiyo. Nati ikikazwa, stadi huvutika kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa jicho, na kwa kutaka kurudi kwenye urefu wake huibana rimu kwenye habu. Msuguano kati ya rimu na habu ndio unaolibeba gari.

Nguvu hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Toyota inaelekeza nati za RAV4 na Corolla zikazwe kwa niutoni mita 103. Niutoni mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha: kilo kumi na nusu hivi zikining'inizwa kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja zinatoa 103. Kwa kukaza huko, stadi yenye unene wa milimita 12, ikiwa safi na kavu, hubana kwa nguvu ya takriban tani 4. Zidisha kwa tano. Ndiyo maana gurudumu lililofungwa vizuri linaweza kupiga shimo kwa kishindo na stadi zisihisi mengi: rimu imebanwa mno hata haipati nafasi ya kucheza.

Sasa ondoa kule kubana. Rimu ikipata nafasi ndogo tu ya kucheza, uzito wa gari unahamia kwenye stadi zenyewe, na kila gurudumu linapozunguka mara moja, kila stadi inapindwa kidogo na kurudishwa. Gurudumu la RAV4 huzunguka kama mara 440 katika kilomita moja. Safari ya kilomita 60 ni mizunguko zaidi ya 26,000. Chuma kilichopindwa na kurudishwa mara nyingi namna hiyo huota ufa, hata kama kila mpindo mmoja ni mdogo usioweza kukidhuru. Mafundi huuita uchovu wa chuma. Ufa huanza kwenye shina la nyuzi, unakua kimyakimya, na siku stadi inapokatika unakuwa umeshakula sehemu kubwa ya unene wake.

Kwa ufupi:
- Stadi hulinda gurudumu kwa kubana, na msuguano ndio unaobeba uzito.
- Stadi iliyolegea hupindwa katika kila mzunguko, nayo hufa kwa uchovu.
- Stadi za gurudumu moja hulegea pamoja, kwa hiyo huchoka pamoja.

Soma mahali ilipokatikia

Usikitupe kipande kilichokatika. Kioshe kwa petroli kidogo, kiweke juani, ukitazame kwa makini. Kinaeleza kilichotokea vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa ndani ya gari.

Ukiona sehemu kubwa ya uso uliokatika ni laini, pengine ina mistari ya kupinda kama ile ambayo maji huacha ufukweni, na sehemu ndogo iliyobaki ni ya mikwaruzo inayong'aa, hiyo ni stadi iliyokufa kwa uchovu. Sehemu laini ni ufa wa siku nyingi, na ile yenye mikwaruzo ndiyo iliyokuwa ikishikilia mpaka dakika ya mwisho. Kutu ndani ya sehemu laini inathibitisha kwamba ufa ulikuwa wazi muda mrefu. Hapo kulikuwa na kulegea, na jirani zake zimepitia kilomita zilezile.

Ukiona shingo ya stadi imekonda kabla ya kukatika, nyuzi zimevutika na kuachana, au uso wake una alama ya kuzungushwa, hiyo ilikufa kwa kukazwa kupita kiasi. Fanya hesabu. Spana ya magurudumu inayokuja na gari ina mkono wa sentimita 35 hivi. Kufikisha niutoni mita 103 kwa mkono huo kunahitaji msukumo wa kilo 30. Mtu wa kilo 70 akisimama juu yake kwa uzito wake wote anatoa kama 240, zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa. Akichomeka bomba la mita moja na kulikanyaga, anakaribia 690. Hakuna stadi ya milimita 12 inayostahimili hayo. Isipokatika palepale, imevutika kupita uwezo wake wa kurudi, na chuma ambacho hakiwezi kurudi hakibani tena. Na mkono uliokaza nati moja namna hiyo ndio uliokaza nyingine zote.

Ukiona nyuzi zimelala upande mmoja, na mfereji mpya umechimbwa kwa mshazari juu ya ule wa zamani, nati ilianzishwa kombo au haikuwa ya gari hilo. Hili ni jambo la kila siku katika nchi ambako magari yamepitia mikono mingi kutoka Japani hadi bandari ya Mombasa au Dar es Salaam kabla ya kupanda milima ya Kivu. Stadi za Toyota nyingi ndogo ni za milimita 12 zenye nafasi ya milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi. Nissan na Suzuki nyingi ni za milimita 12 pia, lakini nafasi yake ni 1.25. Kwa macho zinafanana kabisa. Nati ya moja huingia kwenye stadi ya nyingine mzunguko mmoja au miwili, kisha inagoma, na hapo ndipo mtu mwenye haraka huchukua spana. Kuanzia wakati huo ameharibu nati na stadi kwa mkupuo mmoja.

Lipo kosa jingine linalohusu malori. Malori mengi ya zamani ya Kijapani, Fuso na Isuzu yakiwemo, yana nyuzi za kinyume kwenye magurudumu ya upande wa kushoto: hufunguka kwa kuzungusha kuelekea upande ambao kwa kawaida ni wa kukaza. Kushoto hapo ni kushoto kwa mtu aliyekaa ndani akitazama mbele, hata usukani ukiwa kulia. Mara nyingi kuna herufi L kwenye ncha ya stadi. Vijana wawili wanaosukuma bomba wakidhani wanafungua nati iliyoganda, kumbe wanaikaza, hukata stadi nzima isiyo na kasoro.

Sababu nyingine haionekani kwenye kipande chenyewe. Tazama uso wa habu na mgongo wa rimu. Tope la udongo mwekundu likikauka kati yao, au rimu ikiwa imepakwa rangi nene ili ipendeze, nati itakazwa vizuri na spana itagoma kama inavyotakiwa. Baada ya kilomita chache tope linasagika, rangi inapondeka, na kubana kunapungua bila nati kuzunguka hata robo. Nadhani magurudumu mengi ya barabara za milimani hulegea kwa njia hii, kwa sababu tairi hubadilishwa kwenye matope na hakuna anayefuta kitu. Angalia pia kiti cha nati, yaani pale inapogusa rimu: nati yenye mdomo wa mviringo uliochongoka inataka tundu lililochongwa vivyo hivyo, na yenye washa bapa inataka uso bapa. Ukizichanganya, nati inagusa kwa ukingo mwembamba tu, na ukingo huo huisha upesi.

"Mbona magari mengine yana nne tu?"

Hii ndiyo hoja inayoletwa zaidi, nayo inastahili jibu. Ni kweli, magari mengi madogo hutoka kiwandani na stadi nne. Lakini nne hizo zimepangwa kwa umbali sawa, digrii 90 kutoka moja hadi nyingine, na gari lenyewe ni jepesi. Kwenye gurudumu la stadi tano, zimepangwa kwa digrii 72. Ikikatika moja, kunabaki pengo la digrii 144, sehemu mbili kati ya tano za duara, ambalo halina kinacholibana. Rimu hupata nafasi ya kufunguka upande huo kila mzunguko, na stadi mbili za kingo za pengo ndizo zinazolipa. Kwenye gurudumu la stadi sita pengo ni digrii 120. Ni afadhali, lakini hesabu ni ileile. Desturi ya mafundi wa malori imejengwa juu ya jambo hili: ikikatika moja, badilisha pamoja nayo jirani zake mbili, zikikatika mbili au zaidi, badilisha zote.

Je, ukiwa katikati ya safari, mbali na kijiji? Ikiwa imekatika moja kati ya tano au sita, na nyingine zote zinakazika bila kuteleza, shusha mizigo na watu, kaza zilizobaki kwa mpangilio wa kuvuka, nenda polepole hadi mahali pa kwanza penye msaada, ukisimama kila kilomita chache kuzigusa. Hapo unalitoa gari hatarini, na kazi bado inakungoja. Zikiwa mbili zinazofuatana, gari lisisogee.

"Fundi wa kulehemu yuko hapa"

Hoja ya pili ni ya umbali na fedha, na haiwezi kupuuzwa ila na mtu asiyejua gharama ya siku nzima ya kwenda Bukavu na kurudi. Kulehemu kunamaliza kazi kwa nusu saa. Kwa nini nikukataze?

Kwa sababu nguvu ya stadi haitokani na unene wake tu. Stadi hutengenezwa kwa chuma kilichochomwa, kikapozwa kwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa kipimo, mpaka kiwe kigumu na bado kiweze kuvutika bila kupasuka. Moto wa kulehemu hufuta kazi hiyo yote. Pembeni tu ya mshono chuma hugeuka kuwa kikavu na chenye kukatika, na mahali hapo ndipo nguvu ya kubana inapopita. Habu nayo hupata joto, grisi ya beringi huyeyuka, sili ya mpira huungua. Na stadi iliyolehemiwa ikikatika tena, haiwezi kupigwa nje kama nyingine: sasa unahitaji habu mpya. Bolti ya kawaida ya dukani iliyopitishwa tunduni haifai pia. Bolti za kazi nzito hupigwa nambari kichwani, 8.8 au 10.9, na nyingi za ujenzi ni 4.6. Nambari ya kwanza inaonyesha nguvu ya chuma, ya 4.6 haifiki nusu ya ile ya 10.9.

Kuna mahali mashine ya kulehemu inafaa kwelikweli: kutoa. Nati iliyozunguka mpaka pembe zake zikaisha inaweza kulehemiwa nati kubwa juu yake ipate kushikwa na spana. Ukifanya hivyo, stadi hiyo ihesabu imekufa, ibadilishwe.

Na kuhusu umbali, stadi ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye gari. Anayeshuka Bukavu kwa shughuli nyingine anaweza kurudi na nne za kila aina anayohitaji, pamoja na nati zake, akaziweka kwenye kitambaa chenye mafuta chini ya kiti. Aende na ile ya zamani mkononi na kuilinganisha na mpya kwa unene, urefu, nyuzi na umbo la kichwa, na hasa ile sehemu yenye meno madogo chini ya kichwa, inayoikamata habu. Meno hayo yakiwa membamba kidogo tu kuliko ya zamani, stadi itazunguka tunduni. Jaribio la mwisho: nati nzima ya gari lako iingie kwa vidole mpaka mwisho.

Kuibadilisha nyumbani

Tafuta tambarare, jambo ambalo Luhwindja huenda likachukua muda kuliko kazi yenyewe. Vuta breki ya mkono ikiwa kazi ni ya gurudumu la mbele, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, inua kwa jeki, kisha weka stendi au gogo gumu chini ya chesisi. Usiingize kichwa chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Toa gurudumu, kisha dramu au disiki ya breki. Kalipa ya breki ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake. Zungusha habu mpaka stadi iliyokatika ifike mahali penye nafasi nyuma yake. Kwenye baadhi ya magari nafasi hiyo haipo na lazima habu itolewe pamoja na beringi. Hapo mwachie fundi. Nafasi ikiwepo, piga stadi kutoka mbele kwenda nyuma kwa nyundo nzito, mapigo machache yaliyonyooka. Mapigo mengi madogo huipiga beringi bila kuisogeza stadi.

Ingiza mpya kutoka nyuma, meno yake yaelekee kwenye mifereji ya zamani ya habu. Usiipige iingie. Panga washa tano au sita nene kwenye stadi, grisi kidogo kati yake, weka nati ya zamani ukiwa umeigeuza upande wake bapa, kisha kaza taratibu. Nati itaivuta stadi mpaka kichwa chake kikae kwenye habu pande zote, bila mwanya hata wa wembe. Nati hiyo imefanya kazi ngumu. Isirudi kwenye gurudumu.

Futa uso wa habu na mgongo wa rimu mpaka chuma kionekane, na piga nyuzi brashi ya waya. Watu wengi hupaka mafuta kwenye nyuzi ili zisishike kutu, wakidhani wanaongeza usalama. Kiasi cha sehemu tisa kati ya kumi za nguvu unayotumia kukaza huishia kwenye msuguano, na ni moja tu inayovuta stadi. Mafuta hupunguza msuguano, hivyo kwa kukaza kulekule stadi huvutwa zaidi kwa theluthi au hata kupita hapo. Kama kitabu cha gari hakisemi paka, acha nyuzi kavu.

Kila nati ianze kwa vidole, mizunguko mitatu au minne. Kaza kwa kuvuka, kutoka nati moja hadi ile ya upande wa pili, kwanza kwa wastani gari likiwa juu, kisha kikamilifu tairi likiwa chini. Ukiwa na spana ya kupima nguvu, fuata namba ya gari lako. Usipokuwa nayo, spana ya gari yenyewe, mikono miwili, bila bomba na bila kusimama juu yake. Kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, ili nati ikisogea mstari uachane na uone bila kuigusa.

Stadi mpya itaendelea kukaa sawasawa tunduni katika safari ya kwanza, kwa hiyo nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa anayetoka Luhwindja, hiyo ni kabla ya kuanza safari ya kurudi kutoka Bukavu, gari likiwa limepoa. Na kwado, yaani fundi wa tairi, akikubadilishia tairi njiani, simama karibu naye: mwombe afute rimu kwanza, na aanzishe kila nati kwa mkono kabla ya kuchukua mashine.